Sudan: Nchi ya Mito Miwili Inayokufa kwa Kiu na Njaa



Tulipokuwa Magoma, wilayani Korogwe, kwa shughuli za da'awa, mzee mmoja alituuliza suali baada ya Sala ya Magharibi ambalo tumeona tulijibu kwa upana ili na wengine wafaidike. Alisema: "Sheikh wetu, Sudan wana Mto Nile. Sisi hapa tuna Lwengera tu na tunalima tukala. Inakuwaje wao wafe kwa kiu na njaa?"

Watu wa bonde lile wanajua thamani ya maji, na majirani zao wa Handeni wanajua tabu ya kuyakosa, kwani kule ndoo ya maji imekuwa shida ya kila nyumba kwa miaka mingi. Kwa hiyo suali lile lilikuwa zito, na jawabu lake si lile tunalolizoea, la kusema mvua haikunyesha.

Khartoum ndipo inapokutana Nili Nyeupe, inayotoka Ziwa Victoria, na Nili ya Buluu, inayoteremka kutoka milima ya Ethiopia. Baadhi ya maji yanayopita pale yameanzia kwetu, Kagera na Mara. Maji ya mto hayajapungua kwa sababu ya vita. Kilichopotea ni njia ya kuyafikisha maji hayo mdomoni mwa mtu yakiwa safi.

Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, tukiwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani, baina ya jeshi la serikali chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na Kikosi cha Msaada wa Haraka (RSF) cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti. Wawili hawa walikuwa washirika wa utawala mmoja. Katika siku za mwanzo tu, mtambo wa kusafishia maji wa Bahri, upande wa kaskazini wa Khartoum, ulisimama, kwa kuwa ulikuwa katikati ya mapigano na mafundi hawakuweza kuufikia. Laki za watu wakafunga Ramadhani na kufuturu wakiwa hawana tone bombani. Waliokuwa karibu na mto waliteremka na madumu kuchota maji kama yalivyo, huku wakiwindwa na risasi.

Wengi visiwani tulizifuata habari zile kwa hofu ya moja kwa moja, kwa sababu watoto wetu walikuwa kule. Khartoum, na khasa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kimesomesha masheikh, walimu na madaktari wengi wa Unguja, Pemba na Bara. Alhamdulillahi, mwishoni mwa Aprili ile zaidi ya Watanzania mia mbili, wengi wao wanafunzi, walirejeshwa nyumbani wakipitia Ethiopia. Wenyeji wao waliowapangisha vyumba na kuwaalika kufuturu walibaki.

Tuliangalie suala la maji na umeme, maana hapa ndipo watu wengi wasipopaona. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa sana. Disemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima na haukurudi hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Kilichotutesa zaidi ya giza kilikuwa maji, kwa sababu visima vyetu vinasukumwa na pampu na pampu zinataka umeme. Tulipanga foleni za madumu, tukanunua maji kwa bei tuliyotajiwa. Ile ilikuwa hitilafu, na mafundi walikuwa wakifanya kazi kwa amani kuitengeneza. Sasa fikiria hitilafu ile imefanywa kwa makusudi, na fundi akitoka nje anapigwa.

Ndivyo ilivyokuwa Mei 2025. Ndege zisizo na rubani zilipiga vituo vya umeme vya Omdurman, mitambo ya maji ikazimika, watu wakarudi kunywa maji machafu, na kipindupindu kikalipuka katika jimbo la Khartoum ndani ya wiki chache. Maradhi hayo yalikuwa yameshaanza nchini tokea mwaka 2024. Kufikia katikati ya Agosti 2025, madaktari walikuwa wamehesabu karibu wagonjwa laki moja na waliofariki zaidi ya 2,400. Aliyerusha ndege ile huenda hakumuona hata mgonjwa mmoja.

Hata sehemu ambazo vita vilikuwa havijafika hazikusalimika. Agosti 2024 bwawa la Arba'at, lililokuwa likiipatia maji Port Sudan, lilibomoka kwa mvua kubwa na mafuriko. Hiyo ilikuwa kadari ya Mwenyezi Mungu kupitia mvua. Lakini nchi iliyo vitani haina fedha wala nafasi ya kutunza mabwawa yake, na mji ule ulikuwa umeshajaa waliokimbia Khartoum.

Tukija kwenye chakula, tuitazame Jazira (Gezira). Ni ardhi iliyo baina ya Nili mbili, na ndani yake umo mradi wa umwagiliaji wenye feddan zaidi ya milioni mbili, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Ulianza mwaka 1925 lilipokamilika bwawa la Sennar. Wakoloni wa Kiingereza waliutaka kwa ajili ya pamba ya viwanda vyao, lakini baadae ukawa ghala la ngano na mtama wa nchi. Maji yake hayasukumwi kwa pampu, yanateremka yenyewe kwa mteremko wa ardhi kupitia mifereji, kubwa kwa ndogo, hadi shambani. Anayejua mifereji ya asili ya milima ya Usambara atafahamu haraka uzuri wa mpango huo na udhaifu wake: mfereji unataka watu wa kuuzibua kila msimu, na unataka makubaliano ya nani anafungua zamu yake lini. (Sharia yetu inalitambua jambo hili hadi kwenye zaka: mazao yaliyonyweshwa na mvua yana zaka ya sehemu moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa gharama na tabu ni nusu yake.)

Disemba 2023 RSF waliingia Wad Madani, mji mkuu wa Jazira. Matrekta yakaibiwa, mbegu zikachukuliwa maghalani, wakulima wakakimbia, wengine wakauawa vijijini mwao. Jeshi liliurejesha mji Januari 2025. Katika kipindi hicho misimu ilipita, na mfereji uliojaa tope na magugu hauzibuki kwa tangazo la ushindi. Mkulima aliyekula mbegu yake ili asife mwaka ule hana cha kupanda mwaka unaofuata. Kwa hiyo watakaotegemea kuona njaa ikiisha siku bunduki zitakaponyamaza wajue kuwa haitakwenda hivyo.

Hali mbaya kuliko zote imekuwa Darfur na Kordofan. Agosti 2024 wataalamu wa kimataifa wa kupima njaa walithibitisha baa la njaa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Neno hilo kwao halitumiki ovyo: maana yake watu wameshaanza kufa kwa njaa kwa kiwango kilichopimwa. Disemba mwaka huo walikadiria kuwa Wasudani milioni 24.6, nusu ya nchi, hawana uhakika wa chakula. El Fasher ilizingirwa na RSF kwa zaidi ya siku 500. Waliokuwemo walikula mashudu ya karanga, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta, ambayo kwa kawaida hupewa ng'ombe na punda. Na hata hayo yakawa ghali kisha yakaadimika. Mji ulianguka tarehe 26 Oktoba 2025 na yakafuata mauaji ambayo ulimwengu mzima uliyaona. Novemba baa la njaa likathibitishwa El Fasher yenyewe na Kadugli.

Tuseme wazi: hii ni njaa ya kutengenezwa. Pande zote mbili zimezuia misafara ya chakula kwa nyakati tofauti. Pande zote mbili zilitia saini Jeddah, tarehe 11 Mei 2023, ahadi ya kuwalinda raia, na wino ulikauka bila ya ahadi kutekelezwa. Hatusemi kuwa makosa yao yako sawa. Mzingiro wa El Fasher hauna mfano wake katika vita hivi. Lakini hakuna upande ambao Muislamu anaweza kuubebea bendera.

Na dola za Kiislamu? Misri inaliunga mkono jeshi. Imarati inatuhumiwa na wachunguzi wengi kuwapelekea silaha RSF, nayo inakanusha. Sudan iliishitaki Imarati mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2025, na mahakama ikaitupa kesi kwa kukosa mamlaka ya kuisikiliza, bila ya kuamua nani mkweli. Tunajua kuwa wengi wetu tuna ndugu na riziki Dubai na Abu Dhabi, na hutokea mtu akaona vibaya mambo haya kutajwa. Dhahabu ya Sudan haitoki nchini kwa miguu yake. Ina wanunuzi, na kuuliza wanunuzi ni nani si uadui kwa mtu.

Katika dini yetu jambo hili halina utata. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa maji ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wote ni washirika, akakataza kuzuiwa maji ya ziada, na akaeleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula wala maji. Ikiwa paka ana haki hiyo, vipi mji? Na tusijifanye kuwa sumu hii ni ngeni katika umma. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakitoa kwa Waislamu wanywe. Mwaka wa 35 Hijria waasi walipoizingira nyumba yake Madina, walimnyima maji yeye aliyewanywesha. Miaka 26 baadae mjukuu wa Mtume, Sayyidna Hussein, na watoto waliokuwa naye walizuiliwa Mto Furati kule Karbala. Mto ulikuwepo karibu yao, ukitiririka. Mzee wetu wa Magoma, hilo ndilo jawabu la suali lako.

Kilichotupa matumaini ni Wasudani wenyewe. Vijana wa mitaa waliunda vyumba vya dharura, na wakaifufua takiya, jiko la sadaka linalotokana na desturi ya zawiya za masufi wao. Sufuria moja ya dengu au mtama inalisha mtaa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mamia ya majiko hayo yalifungwa. Yaliyobaki yanaendeshwa na michango ya Wasudani walio nje na watu kama sisi.

Hapa linakuja suali tunaloulizwa sana: je, inafaa kuipeleka zaka Sudan? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali kama wapo wanaostahiki, na Zanzibar na Pemba wapo. Wanazuoni wa Kihanafi wanaruhusu kuihamisha panapokuwa na haja kubwa zaidi, na wamo Mashafii waliolikubali hilo. Tunavyoona sisi, atazame kwanza mayatima na mafukara wa mtaani kwake. Akiifuata kauli ya kuruhusu kwa sehemu ya zaka yake, kwa haja hii iliyothibiti, hatumlaumu na zaka yake imeswihi. Ama sadaka ya kawaida haina mpaka, ipelekeni popote. Lakini msitume kwa namba iliyorushwa kwenye kundi la simu pamoja na video ya mtoto anayelia. Video nyingine si za Sudan. Toeni kupitia taasisi inayojulikana, yenye risiti, na muulize fedha imefika kwa nani.

Na maimamu wetu wanaweza kusoma Qunuti ya Nazila katika sala zote tano, kama inavyosuniwa Waislamu wanapofikwa na msiba.

Wallaahu a'lam.