Abebaye Mimba ya Wengine: Nani Amchagua, Nani Amlinda?

Kurutu afikapo kambini hupimwa kifua, macho na nyayo, akaulizwa na maradhi ya kwao. Vipimo hivyo kwanza ni kwa faida ya jeshi. Yeye mwenyewe hulindwa na kanuni nyingine, za matibabu na mafao. Tunaanzia hapo kwa sababu jambo tulitakalo kulizungumza limekwisha kuingia nyumba za askari. Mwaka 2008 jarida la Newsweek la Marekani liliandika kwamba miongoni mwa wanawake wa huko wanaowabebea wengine mimba kwa malipo, wake wa askari hawakuwa haba. Mume yu vitani, mke yu nyumbani na watoto, mshahara ni mdogo, na bima ya jeshi hulipia uzazi.

Zamani mbebaji alitoa na yai lake mwenyewe. Ndipo ilipozuka kesi ya Baby M, mtoto aliyezaliwa mwaka 1986 kwa mkataba wa dola 10,000, na mama akashindwa kuachana naye. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilitamka kuwa mkataba ule ni batili. Baba akapewa malezi, mama haki ya kumzuru mtoto. Siku hizi, mara nyingi, yai na mbegu hukutanishwa nje ya mwili, na mbebaji hana nasaba na mtoto.

Uchaguzi nao umekuwa mkali. Madaktari wa uzazi wa Marekani hushauri achukuliwe mwanamke wa miaka 21 hadi 45, aliyekwisha kuzaa salama. Sharti hili la pili lina hekima: mwili wake umekwisha kujulikana, naye anajua ni kitu gani atakachokabidhi. Hupimwa damu, na mumewe pia (wako waume watakaonung'unika). Kisha mshauri humwuliza kwa nini anataka kazi hiyo. Lakini mwenye dhiki hulijua jibu linalotakiwa, kama kurutu ajuavyo kuficha kikohozi.

India, ambako katika mji wa Anand wabebaji waliwekwa katika nyumba ya pamoja mithili ya kambi, ilitunga sheria mwaka 2021: mbebaji awe na miaka 25 hadi 35, awe ameolewa au amewahi kuolewa, awe na mtoto wake, abebe mara moja tu maishani, apewe bima ya miezi 36. Ujira umekatazwa. Hapo tunasita, maana daktari hakukatazwa wake. Lakini bima ile na lile sharti la mara moja twaviunga mkono bila kusita, kwani ndivyo vinavyomtazama yeye, wala si mimba peke yake.

Basi mke wa askari akiletewa karatasi ya namna hiyo wakati mumewe yu zamu ya mbali, asitie sahihi kabla hajawa na wakili aliyemchagua mwenyewe, na kabla haijaandikwa ni nani atakayewalea watoto wake iwapo yeye atafia katika uzazi.