Ndege za Mitumba, Roho si za Mitumba

 Mpenzi msomaji, naomba unitegee sikio, kwani nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba.

Sisi tunaoishi Umoja na mitaa jirani hatuna haja ya kwenda uwanjani kuona ndege za jeshi. Sherehe za Jamhuri zikikaribia hutupitia juu ya paa zikifanya mazoezi, na watoto wote wa ploti hutoka mbio wakipiga kelele. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nje na rafiki yangu ninayeketi naye dawati moja. Akaniambia, "Unaona? Lakini Uganda wametupita. Wao wako na Sukhoi, sisi bado tuko na F-5 za enzi za babu."

Sikumjibu siku hiyo. Namjibu leo hapa gazetini.

Ni kweli kwamba Uganda ilinunua Sukhoi Su-30 sita kutoka Urusi, zikaanza kufika mwaka wa 2011. Ni kweli pia kwamba F-5 zetu za kwanza zilitoka Marekani mwaka wa 1978, na baadaye serikali ikaongeza nyingine zilizokwisha kutumiwa na jeshi la Jordan. Kwa lugha ya Gikomba, hizo ni mitumba. Lakini mimi naona kwamba nani ana ndege kali zaidi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: ndege hii itafika inapohitajika, na waliomo ndani watarudi nyumbani?

Sisemi kwamba mitumba ni mibaya. Wengi wetu shati tulilovaa leo limetoka Gikomba na hakuna anayetucheka. Mjomba wangu ni mekanika Kariobangi, na yeye husema hivi: "Gari kuukuu si neno. Neno ni kulipaka rangi kabla ya kufungua injini."

Wala sipingi kubuni mbinu kwa kutumia kile kilichopo. Wanajeshi wa kila nchi wamefanya hivyo. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliokuwa wakipigana na Mau Mau walichukua Harvard, ndege za kufunzia marubani, wakazifunga mabomu madogo wakaenda kupiga msitu wa Aberdare. Ndege zao kubwa za mabomu, Lincoln, ziliruka kutoka hapa hapa Eastleigh, penye kambi ya wanahewa hadi leo. Helikopta ya Huey nayo ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 hasa kwa kazi ya kubeba majeruhi na watu. Ilipofika vita vya Vietnam, askari wakaifunga bunduki mlangoni na roketi ubavuni ikawa ya kushambulia. Hata Hughes 500 ambazo jeshi letu lilinunua karibu mwaka wa 1980 baadhi yake zilikuja na makombora ya kulipua vifaru. Vifaru vya adui havikuja, zikatafutiwa kazi nyingine.

Basi ubaya uko wapi? Ubaya ni pale dharura inapogeuzwa kuwa desturi, na raia wakaambiwa wasiulize kwa sababu ni siri ya jeshi.

Tarehe 18 Aprili 2024, helikopta ya Huey ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wanajeshi wengine tisa. Msomaji, jenerali huyo alikuwa mwenyewe rubani wa ndege za kivita. Tena alikuwa amekwenda kutazama shule zilizofungwa kwa ajili ya majangili, ili wanafunzi kama wewe na mimi warudi darasani. Mtu aliyejua ndege kuliko sisi sote alikufa ndani ya ndege. Je, hatuna haki ya kuuliza zile zilizobaki zinakaguliwa vipi?

Najua kuna atakayesema, "Basi tununue mpya tu!" Ngoja kwanza. Mwezi wa Oktoba 2011, jeshi letu lilipokuwa likiingia Somalia, helikopta ya Kichina ambayo haikuwa ya zamani ilianguka karibu na Liboi na watu watano wakafa. Mwaka wa 2012, mwezi wa Agosti, helikopta tatu za kivita za Uganda aina ya Mi-24 zilikuwa njiani kwenda Somalia zikaangukia Mlima Kenya. Al-Shabaab hawakurusha hata risasi moja. Ndege kali bila maandalizi ni kama kalamu ya bei ghali mkononi mwa asiyesoma.

Halafu kuna Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia chuo kikuu. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi cha Recce kina kambi Ruiru, na kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama saa moja kwa ndege. Hata hivyo kilifika baada ya adhuhuri. Siku hiyo hakuna aliyehitaji Sukhoi. Wale wanafunzi waliojificha chini ya vitanda walihitaji ndege moja ya kubeba askari, yenye mafuta na rubani, asubuhi na mapema. Kila nikifikiria jambo hili chakula hakishuki, kwa maana miaka miwili ijayo nami natumaini kuwa chuoni.

Maoni yangu basi ni haya. Kwanza, kabla ya kununua ndege yoyote, Wabunge waelezwe umri wake, vipuri vitatoka wapi na pesa za kuitengeneza ni ngapi kila mwaka. Hiyo si siri ya kumsaidia adui. Pili, ndege za kubeba askari na majeruhi zipewe nafasi ya kwanza kabla ya zile za kutupigia kelele sikukuu. Tatu, vijana wa Eastlands wanaofungua injini za matatu wakiwa wamefumba macho wafunzwe kufungua na hizi za ndege. Tusitegemee fundi wa kigeni milele.

Kwako rafiki yangu wa dawati, Desemba ikifika tutasimama tena nje ya ploti tutazame juu. Mimi pia nitapiga makofi. Lakini wewe ukihesabu ni ngapi zimepita, mimi nitakuwa nikihesabu ni ngapi zimerudi.