Samatta ameisha, au sisi ndio tuna haraka?

Nimerudi chuo salama, bumu bado halijaingia, maharage ya kantini yako vile vile. Leo sina stori ya testi wala ya lekcha. Nina ubishi nilioutoa nyumbani na mpaka leo haujanitoka kichwani.

Ilikuwa Januari 2026, siku chache baada ya Stars kutolewa na Morocco 1-0 kwenye AFCON. Nimepanda haisi kutoka Ngara kwenda Biharamulo kumsalimia baba mdogo kabla ya kurudi chuo. Gari limejaa, ndizi chini ya miguu, na toka Benaco watu wanalia na ile penalti tuliyonyimwa dakika za mwisho. Tunakaribia Lusahunga, jamaa mmoja siti ya nyuma akakata kauli: "Refa mnamwonea bure. Tatizo Samatta. Ameisha yule, mkataba ukiisha hamna timu itakayomtaka." Gari zima likacheka. Mimi nikajifanya wakili wake, nikabishana mpaka konda akaniambia mwalimu punguza sauti.

Sasa nimetulia, niseme ukweli: jamaa hakukosea yote.

Tuangalie rekodi. Mwaka 2015 Samatta alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na TP Mazembe, wakachukua kombe, na yeye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Novemba 2019 akawafunga Liverpool palepale Anfield. Januari 2020 akatua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na mwezi Machi akafunga Wembley kwenye fainali na Manchester City. Hapo ndipo kilele.

Baada ya hapo? Fenerbahce, mkopo Antwerp, mkopo Genk, kisha PAOK ya Ugiriki, ambako alipata ubingwa wa 2023/24 lakini hakuwa tena yule wa magoli 23. AFCON hii Stars tulifunga magoli matatu: M'Mombwa, Msuva na Feisal. Nahodha wetu hakufunga hata moja. Desemba 2025 alitimiza miaka 33, na mshambuliaji anaishi kwa ile kasi ya hatua tatu za kwanza. Ikipungua kidogo tu, beki anamfikia. Kwa hiyo anashuka, tusidanganyane.

Ila kushuka na kuisha ni vitu viwili, wadau.

Mwaka 2025 aliachana na PAOK akawa mchezaji huru. Hapo ndipo mpira hauna huruma: hupimwi kwa ulichofanya 2019, unapimwa kwa utakachofanya mwakani. Ni kweli mchezaji huru hana ada ya uhamisho, anakuwa nafuu, lakini mshahara analipwa, na hakuna klabu inayolipa mshahara kwa ajili ya kumbukumbu. Agosti ile ile Le Havre wakamsajili, timu ya Ligi Kuu ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 32. Yaani wenye pesa zao waliona bado kuna kitu. Sisi wenye nauli ya haisi ndio tulishamzika.

Na tabia hii hatukuanza na yeye. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009, Stephen Curry akaja wa saba. Mambo hayakumwendea vizuri, tukamcheka miaka na miaka. Nani mwingine kutoka kwetu amecheza NBA? Kimya. Tunawacheka walioshuka kutoka sehemu ambayo sisi hatujui hata ngazi yake iko wapi.

Nilipofika Biharamulo nikamsimulia baba mdogo ule ubishi. Yeye anafundisha hesabu shule ya msingi, kastaafu kanakaribia, magoti yanamsumbua. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa huyo Samatta, vijana wanaocheza naye wanamuuliza maswali?" Nikakosa jibu. Kesho yake nikamkuta amekaa chini ya mwembe na walimu wawili wa umri wangu, anawaonyesha namna ya kufundisha sehemu kwa kukata chungwa. Ubaoni hasimami tena vipindi sita kama zamani. Lakini ukimwondoa pale, wale vijana watajifunza kwa nani?

Msimamo wangu ndio huo. Ningekuwa kocha, nisingempa Samatta dakika tisini kwa sababu ya jina, hiyo ni kumdhalilisha na kumzibia dogo anayekuja. Ningempa nusu saa ya mwisho, mabeki wakiwa wamechoka, na mazoezini ningemkabidhi madogo wawili wa mbele awafundishe jinsi ya kukaa kwenye boksi. Na siku akitaka kuacha, aseme mwenyewe. Asifukuzwe na kelele za kwenye haisi.

Kule Rulenge bado nimekuta watoto na mpira wa majani ya migomba, anayefunga anapiga kelele "Samatta!" Umri wao ni miaka minane, tisa. Lile goli la Wembley hawakuliona. Jina limewafikia tu.

Wewe wa siti ya nyuma, kama unasoma hapa, tuko nusu kwa nusu: anashuka, hajaisha. Wadau mnasemaje? Ni hayo tu kwa leo, nakimbilia diskasheni.