MAKISIO YA DARAJA YAANZE MTONI



Mtu asafiriye kutoka Kilosa kwenda Mikumi wakati wa kiangazi huvuka mito na makorongo bila kuyajali. Huona ng'ombe wakinywa maji, watoto wakichezea mchanga, naye hudhani kwamba kujenga daraja mahali hapo ni kazi ndogo. Arudi hapo hapo wakati wa masika, atakuta mto umepanda kingo, nao watu wamekaa na mizigo yao ng'ambo hii, wakingoja.

Sisi wa tawi tuliwahi kudanganywa na kiangazi hicho. Mwaka mmoja tulisimama mkutanoni katika kijiji kimoja tukataja bei ya daraja. Bei yenyewe tuliipata kwa njia rahisi. Tulichukua gharama ya daraja la mahali pengine, tukaigawanya kwa urefu wake, kisha tukazidisha kwa mita 20, maana ndio upana tuliouona mwezi wa Septemba. Wananchi walipiga makofi, wakaanza kupanga zamu za kukusanya mawe na mchanga. Mpimaji alipokuja, bei ilikaribia kuwa maradufu. Mzee mmoja akatuuliza mbele ya watu wote: "Vijana, hiyo nusu ya pili mnamjengea nani?" Hakuna senti iliyoibwa, lakini siku ile tulionekana wezi, na zamu za mawe zilikufa.

Baada ya mkutano mzee yule alitupeleka kwenye mwembe ulio mbali na mto, akatuonyesha kwa mkono mahali maji yalipofika. Tukamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Basi tuhesabu pamoja, kama tulivyofundishwa chuoni kuwahesabia watoto ubaoni. Daraja la mita 20 kwa upana wa mita 8 lina eneo la mita za mraba 160. Ikiwa alama za mafuriko zadai urefu wa mita 35, eneo lafika mita za mraba 280. Hapo kazi imekwisha kuzidi kwa robo tatu, kabla hatujanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Tena daraja si sakafu na nguzo tu. Tuseme, kwa mfano tu, sakafu na nguzo ni shilingi 100. Tuta na barabara za kuingilia pande zote mbili, tuseme 25. Mawe ya kulinda kingo, 10. Kambi ya mafundi, kusafirisha mashine, na njia ya muda ya kuvushia watu wakati wa ujenzi, 15. Jumla ni 150. Ongeza sehemu ya kumi kwa uchunguzi wa udongo na usimamizi wa kazi, tumefika 165. Weka akiba ya mambo yasiyotazamiwa, sehemu ya tano ya hizo, yaani 33. Jumla ni shilingi 198, na kodi bado. Anayewatajia wananchi zile 100 peke yake amewaficha nusu ya kazi, hata kama hakukusudia.

Wako watakaosema kwamba makisio ya kwanza ni ya kubahatisha tu, hesabu kamili itakuja baadaye. Ni kweli kwamba hayawezi kuwa kamili. Lakini ndiyo yanayoingia katika bajeti, na fedha zikiombwa kidogo, mkandarasi hufika akakuta hazitoshi. Ndipo daraja hufupishwa, au msingi huwekwa juu juu. Mto wenye mchanga huchimba chini ya nguzo wakati wa mafuriko, wala hausomi bajeti ya mtu.

Wilaya yetu imeyaona hayo kwa macho. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika mjini Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makazi, na Reli ya Kati ikakatika kwa miezi. Maji yale hayakuwa ya mvua ya Kilosa peke yake. Mkondoa huleta maji ya mbali, ya upande wa Mpwapwa na Dodoma. Machi 2020 maji yalikata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma pale Kiyegeya, Gairo, nchi iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Kilosa hadi 2012. Magari ya nchi nzima yakakwama.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kabla ya bei yoyote kutajwa, wapimaji wa TANROADS au TARURA, kwa kadiri barabara ilivyo ya nani, wakae na wazee na kina mama wachotao maji, wapime alama za mafuriko walizoonyeshwa. Pili, makisio yabandikwe katika ofisi ya kijiji, kila fungu mstari wake, pamoja na tarehe ya bei zilizotumika. Tatu, itajwe bei ya chini na bei ya juu, na sababu ya tofauti yake. Nne, mawe, mchanga na siku za kazi za wanakijiji vihesabiwe kwa fedha na kuandikwa, ili mchango wa maskini uonekane katika hesabu kama wa tajiri.

Nasi viongozi wa matawi tujifunge wenyewe: tusitaje bei jukwaani mpaka tumeona karatasi ya vipimo. Kijijini kwetu tumekwisha kumwomba radhi mzee yule mbele ya mkutano. Mpimaji atakaporudi, yeye ndiye atakayetangulia njia ya kwenda kwenye mwembe.