Lenzi ya Baba Mkwe

Mwezi uliopita nusura tununiane ndani ya nyumba. Mwenzangu alitaka lenzi mpya ya kupigia picha za sura, mimi nikataka tulipe kodi kwanza. Ndipo akakumbuka Zenit ya marehemu baba yake, kamera ya mkanda kutoka enzi za Umoja wa Kisovieti. Lenzi yake ni Helios 44-2, milimita 58, ya kufunga kwa skrubu.

Tukaikagua isiwe na fangasi, kisha tukanunua adapta tu. Ni pete ya chuma: kamera yetu ya dijitali haina kioo ndani, ni nyembamba, hivyo pete inaisogeza lenzi mbele kwa umbali iliouzoea. Kwenye menyu tukairuhusu kamera ipige hata "bila lenzi", maana haiitambui. Mwanga na fokasi unarekebisha mwenyewe kwa mkono.

Jumapili akanipiga ya kwanza. Akawa anazungusha taratibu, anatafuta macho yangu, karibu dakika nzima. Jamani, nilishasahau mara ya mwisho kutazamwa hivyo!

Na kodi tumelipa. Kwenu je, kabati la wazee mmelifungua?