Wanafunzi washauri na siri ya marejesho

Vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vinapofunga kwa likizo, baadhi ya wanafunzi wa biashara husafiri kwenda Afrika na Asia kuzishauri bila malipo taasisi zinazotoa mikopo midogo. Kwa wiki chache huingiza kumbukumbu za mikopo katika kompyuta, hupima hatari na kuandaa mipango ya biashara.

Msaada huo si wa kubezwa, kwani taasisi nyingi za aina hiyo hazimudu gharama za mshauri wa kulipwa. Hata hivyo, mgeni hupima kilichoandikwa, na kinachoandikwa kwanza ni kiwango cha marejesho. Kiwango hicho hakimwelezi fedha hizo zimetoka wapi.

Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, marejesho yalikuwa karibu kamili hadi mwaka 2010, ilhali wakopaji wengi walidaiwa na wakopeshaji kadhaa, wakilipa deni hili kwa kukopa kule. Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ilipotoa amri ya kudhibiti utozaji, malipo yaliporomoka.

Nchini Tanzania, ambako mikopo yenye riba kali huitwa “kausha damu”, afisa mikopo anayezunguka mitaani ndiye ajuaye mama yupi amekopa kwa nani. Mwanafunzi anayemhoji meneja ofisini, tena kwa Kiingereza, hawezi kulipata hilo. Taasisi inayompokea ingefaa imkabidhi kwa afisa huyo tangu siku ya kwanza, nao wazijenge hesabu pamoja, ili mgeni akiondoka abaki mtu wa kuzirekebisha.