Mzee Aliyenyamaza Si Mvivu

Katika maboma mengi ya Nyeri, kuanzia Othaya na Mukurweini hadi Karatina na Kieni, yuko mzee anayeshinda kutwa kwenye kiti kimoja. Miaka michache iliyopita hakukosa mkutano wa chama cha kahawa, wala hakuna aliyemtangulia shambani. Leo haulizi bonasi ya majani chai imefika ngapi, hashughuliki wajukuu wakija, na asipoletewa chakula hadai. Watoto huita hali hiyo uvivu, majirani huita kiburi, wengine husema ni uzee tu. Napinga yote matatu. Kwa mtu mwenye dimenshia, kukosa ari namna hii ni dalili ya ugonjwa kama ilivyo kusahau, na tusipoitambua tutamlaumu mgonjwa kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tangu miaka ya 1990, wakati daktari Robert Marin wa Marekani alipoitenga hali hii na sonona, watafiti wameipima katika nchi nyingi na kuiona kuwa miongoni mwa mabadiliko ya tabia yanayotokea zaidi katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya dimenshia. Takriban nusu ya wagonjwa huwa nayo. Chanzo chake kimo ubongoni. Sehemu za mbele, pamoja na zile za ndani zinazounganisha hamu na tendo, huharibika. Mikono ingali na nguvu na kazi bado inajulikana, ila msukumo wa kuianza hautoki. Ni kama gari lenye injini nzima na stata iliyokufa: likisukumwa, huenda. Mwenye sonona huhuzunika, hujilaumu, pengine hutamani kufa. Aliyepoteza ari hana huzuni; hana hamu. Hali hizo mbili zaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja, ndiyo maana kuzitofautisha ni kazi ya daktari; tena dawa za sonona hazijaonyesha kuwa zinarudisha ari iliyopotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 200 wa Alzheimer, ulijaribu dawa iitwayo methylphenidate kwa miezi sita. Nafuu ilipatikana, lakini ndogo. Basi tusiketi tukingoja kidonge.

Wapo watakaosema mzee amefanya kazi maisha yake yote, aachwe apumzike. Kauli hiyo ina heshima ndani yake, nami naiheshimu. Lakini anayepumzika huchangamka mgeni akiingia, huchagua stesheni ya redio, hulalamika chai ikipoa. Aliyepoteza ari hachagui lolote, hata maumivu huenda asiyataje. Kumwacha hivyo ni kumfanya adhoofike misuli na kuzidi kutegemea wengine. Mgonjwa anayetoroka usiku au kugombana na watu hupelekwa hospitali upesi. Huyu hasumbui mtu, basi hubaki pale pale.

Pingamizi zito zaidi ni hili: akiulizwa, mwenyewe hujibu hataki. Je, tumlazimishe? Hasha. Kumburuta mzee ni kumvunjia heshima. Ila swali la “Guka (babu), unataka kwenda nje?” linamdai kile kile alichopungukiwa, yaani kuamua na kuanza. Mletee kofia na bakora, mpe mkono, sema, “Twende tuone ng’ombe.” Cucu (nyanya) mwekee ungo wa njahi mapajani, uanze kuchambua ukiwa kando yake, redio ikiimba nyimbo za ujana wake. Wengi hufuata. Asipofuata, mwache, ujaribu tena baadaye.

Muda utatoka wapi, na chai inangoja kuchumwa? Kwa kweli mzigo ni mkubwa, na wanawake ndio waubebao: Shirika la Afya Duniani linasema wao hutoa takriban asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa wa dimenshia. Ndiyo sababu nasema mzee aingizwe katika kazi iliyopo badala ya kubuniwa nyingine, na wanaume wa nyumba washike zamu. Serikali nayo haina udhuru. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazee haki ya matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari nyumba kwa nyumba. Wafundishwe pia kuuliza: mzee huyu aliacha lini kupendezwa na mambo?

Mpelekeni hospitali, iwe ile ya rufaa ya Nyeri au Tumutumu, mkaseme wazi kwamba hajali tena chochote na tangu lini, kwa kuwa tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, upungufu wa damu au dawa anazomeza zaweza kuleta hali kama hiyo, na hizo hutibika. Nanyi mlioko Nairobi na Thika, mnapopiga simu nyumbani msiishie kuuliza kama amekula. Ulizeni leo amefanya nini, na nani alianza naye.